Mbao za Mfenesi Mmoja

Asubuhi ya maziko ya babake, Kadii alijifunga leso kiunoni akatoka uani kuchota maji ya chai. Hakwenda mbali. Mfereji ulikuwa chini ya dirisha la chumba chake, umesimama juu ya kipande cha saruji kama mtu wa nyumba. Aliufungua, maji yakaja kwa kishindo, sufuria kubwa ya kukodi ikajaa hadi ukingoni. Wanawake wa kijiji waliokuja kupika walikuwa wameshaanza kuingia mmoja mmoja, kila mmoja na mtungi wa manjano kichwani, maji ya kisimani, kwa kuwa matangani hakuendwi mikono mitupu. Walimimina maji yao ya chumvichumvi kwenye pipa la kuoshea vyombo, wakampa Kadii pole, wakakaa kumenya vitunguu. Hakuna aliyeutazama mfereji. Walikuwa na miaka mingi ya kutoutazama, na kazi ile walikuwa wameshaimudu.

Mzee Kambi wa Pola alikuwa amekufa hospitalini Malindi, kwa maradhi yanayoeleweka na kwa umri unaotosha. Boma lake liko ndani kidogo ukitoka Dabaso, pale udongo mwekundu unapoanza kutoa meno ya matumbawe, na siku hiyo lilijaa watu kuliko lilivyojaa katika harusi zake zote.

Jeneza lilitengenezwa na Musyoka, fundi Mkamba wa njia panda ya Gede, ambaye kwake mtu hupata kitanda, kabati au jeneza kwa mkono ule ule. Mbao hazikuwa za kununua. Zamani kidogo mfenesi wa boma uliangushwa na mvua za masika, Mzee Kambi akaupasua, akazigawa mbao sehemu mbili. Sehemu moja ikawa kitanda cha Kadii, ambaye wakati huo alikuwa ndiyo kwanza amerudi nyumbani kutoka kwa mume asiyerekebishika. Sehemu ya pili ilipandishwa darini imngoje mwenyewe. Musyoka alizishusha, akazipiga randa, akapima maiti, akapima mbao. Jeneza likamkaa mzee kama kiatu kilichozoeleka. Liliwekwa chini ya hema juu ya stuli mbili, la rangi ya manjano, linanukia utamu kidogo, na watu wakaketi kwenye viti vya plastiki kusikiliza sifa.

Mwenye kipaza sauti alikuwa Okoth. Okoth alikuja Pwani kupika katika hoteli moja ya Watamu. Hoteli ilipofungwa, yeye alibaki na spika zake, na tangu hapo hakuna aliyezikwa upande ule bila Okoth kumtangaza.

"Tunaanza na kamati ya maji," alisema Okoth. "Karibu makamu mwenyekiti. Kwa ufupi, bwana. Wewe nakujua."

Thuku, mwenye duka la kona, alisimama akavua kofia. "Huyu mzee alikuwa mwenyekiti wangu," alisema. "Sijaona mtu asiyejipendelea kama yeye. Alichokuwa nacho kilikuwa chetu sote."

Jeneza lililia kama kiti cha mzee mnene, likaongezeka shubiri moja upande wa miguu. Mama aliyekuwa ameketi karibu alivuta miguu yake chini ya kiti, akaendelea kusikiliza.

Akafuata Phoebe wa kwaya. Alisema marehemu alikuwa mpole, na kwamba ndani ya nyumba ile hakuna aliyewahi kusikia sauti yake ikipanda. Jeneza likaenda shubiri mbili, likaangusha shada la maua la chama cha akina mama. Akaja mjukuu, Cynthia, aliyefika jana yake kutoka Nairobi, akasoma kwenye simu kwamba babu alikuwa rafiki yake wa karibu na mshauri wake wa kila siku. Jeneza likasukuma meza ya padri.

"Wapendwa wa upande wa kulia," alisema Okoth, "naomba tusogee kidogo. Marehemu anahitaji nafasi. Asanteni. Bado ndugu wa Rabai hawajasema."

Watu waliinua viti wakasogea. Musyoka alikuja mbele na tepu yake, akapima, akachomeka penseli sikioni.

"Limeongezeka," alisema, akaenda kuongeza stuli ya tatu miguuni.

Si kwamba jambo hilo liliwahi kutokea. Halikuwahi. Lakini maziko yana ratiba yake, padri alikuwa na maziko mengine Ngomeni, na wali ulikuwa umeshapaliwa makaa.

Aliyekuja kulalamika alikuwa Mzee Nyale, mtani wa ukoo, aliyekuwa akisimamia vijana wa kuchimba. Kazi ya mtani inajulikana. Katika maziko yeye peke yake ana ruhusa ya kumchezea maiti, ya kulala kaburini akatae kutoka mpaka apewe ugoro, ya kusema yale ambayo ndugu wanameza, na watu wakacheka. Alifika hemani na vumbi jekundu hadi magotini.

"Okoth, waambie wapunguze asali," alisema. "Tulichimba la mtu. Tukaambiwa tuongeze, tukachimba la ng'ombe. Sasa mwataka la lori? Kule chini ni jiwe tupu, mitaimbo inalia." Kisha akaligeukia jeneza, akalipiga kofi ubavuni. "Na wewe Kambi, hata kwa kufa hutosheki! Mchoyo wa ugoro! Mtu akikuomba chembe, wajifanya wapiga chafya, kopo laingia mfukoni!"

Watu walicheka. Jeneza likarudi nyuma shubiri nzima, kwa sauti ya mtu anayevuta tumbo ndani ili afunge mkanda. Wote waliona. Nyale alilitazama, akawatazama watu.

"Kumbe dawa yake ipo," alisema, akarudi zake kaburini.

Lakini ndugu wa Rabai walikuwa wametoka mbali na maneno yao, na haingekuwa adabu kuwanyima kipaza sauti. Waliposhuka jukwaani, ncha ya jeneza ilikuwa imetoka nje ya hema na imeanza kupata jua.

Kadii aliketi mstari wa mbele, shela nyeusi kichwani, mikono mapajani. Watu walidhani analitazama jeneza. Alikuwa akitazama upande wa kaburi. Lilichimbwa chini ya mikorosho ya mpakani mwa shamba. Upande wa miguuni lilizuiwa na mkorosho mkubwa ambao hakuna aliyetaka kuukata, kwa hiyo kila lilipoongezwa liliongezwa upande wa kichwani, kuja nyumbani. Na kati ya kaburi na nyumba, chini ya udongo, lilipita bomba.

Bomba lile lilitoka barabara kuu, na lilikusudiwa kwenda kwenye kioski cha maji mbele ya shule ya msingi, watu wote wapate. Siku ya kuchimba mtaro Mzee Kambi alisimama na bakora yake akiwa mwenyekiti. Mtaro ulipofika mpakani mwa shamba lake alinyoosha bakora, na mafundi wakapinda. Kioski kilijengwa hivyo hivyo. Kilipakwa rangi ya buluu, mgeni rasmi akaja akakata utepe, mfereji wake ukakohoa mara moja, basi. Watu walipouliza, mzee alisema, "Presha haifiki." Mwaka uliofuata wakauliza tena, akasema presha. Baadaye hawakuuliza. Waliambiana wenyewe kwa wenyewe kwamba presha haifiki, kama mtu anavyosema mvua haijanyesha, wakaenda kisimani karibu na mikoko ya Mida. Hata Kadzo, dada wa toka nitoke wa mzee, alikwenda huko na mtungi wake, akapita mbele ya boma la kaka yake akienda, akapita akirudi.

Kadii alijua mahali hasa bomba lilipolala. Alijua pia kwamba likikatwa leo mbele ya kijiji kizima, litaungwa mbele ya kijiji kizima, na hakuna fundi atakayekuwa na uso wa kulipinda mara ya pili. Aliufikiria mfereji wake. Aliifikiria bustani yake ya mchicha nyuma ya jiko, na bafu lake la mvua, la pekee kutoka hapo hadi Gede. Ndipo kule mikoroshoni mtaimbo wa mtu ukapiga kitu kisichokuwa jiwe.

Vijana waliacha kuchimba. Watu walikwenda kuangalia, nusu hema. Bomba lilikuwa limekatiza ndani ya shimo kama mtu aliyelala mlangoni, na pale pale kiwiko chake kilionekana, kimepinda vizuri, kazi ya fundi. Kwa mkono mmoja lilielekea nyumbani kwa Mzee Kambi. Kwa mkono wa pili, ule wa kwenda shuleni, lilikuwa limezibwa kwa kizibo cha chuma. Walilitazama kwa heshima. Thuku alivaa kofia yake, akaivua tena.

"Haya," alisema Nyale akiwa amesimama ndani ya shimo. "Jeneza lataka kupita hapa. Kwingine kote ni mwamba. Nisikilizeni vizuri, wenye maiti. Ama tukate bomba, ama tumpunguze marehemu."

Waligeuka wakamtazama Kadii, binti mkubwa, aliyewafuata hadi pale.

Katika ratiba Kadii alikuwa amepangwa mwisho, kutoa shukrani. Alirudi hemani, akaomba kipaza sauti. Okoth alikifuta kwa leso akampa.

"Shikamooni wazee," alisema Kadii. "Nawashukuru wote waliomsifu baba. Lakini baba alikuwa akikoroma kanisani."

Jeneza lilisogea ndani kidogo. Mwanamke mmoja akacheka, akajiziba mdomo.

"Akiona anashindwa bao alikuwa akizimwaga kete na kusema mbuzi amepita."

"Mbuzi gani, siku hizo hata mbuzi hakuwa naye!" alipiga kelele mzee mmoja nyuma, na watu wakacheka wazi. Ncha ya jeneza ikaingia kivulini.

"Sauti yake ilikuwa ikipanda. Nyinyi majirani mwajua. Mlikuwa mkizima redio msikie vizuri." Phoebe alitazama viatu vyake. "Na huyu Cynthia hakujuana na babu yake. Simu babu alikuwa hapigi, akipigiwa hapokei. Kosa si la mtoto."

Kila neno lilikuwa na kipimo chake, na jeneza lilikifuata. Lakini bado lilikuwa refu. Nyale alisimama mlangoni mwa hema na kamba ya kupimia mkononi, akatikisa kichwa kwamba bado, bado bomba halijaokoka.

Kadii akavuta pumzi. Spika zikaivuta pamoja naye, kijiji kizima kikaisikia.

"Na bomba," alisema. "Ni baba aliyelipinda. Haikuwa presha. Haijawahi kuwa presha hata siku moja."

Kikaja kimya ambacho wale waliokuwepo hadi leo hukieleza kwa kushusha sauti. Kuku waliacha kupekua. Moto wa jikoni uliacha kualika. Wale wanawake waliokuwa wakimenya vitunguu walisimama, mmoja baada ya mwingine, na vitunguu mikononi. Wakaliona jeneza likijivuta, polepole, bila kulia safari hii, kama maji yanavyojitoa Mida wakati wa kupwa, bila haraka na bila kuombwa. Lilirudi nyuma hadi likaiacha stuli ya Musyoka, harufu ya mfenesi ikatanda hemani nzito na tamu kana kwamba mti umekatwa saa ile. Padri alipiga ishara ya msalaba. Wanaume walivua kofia ambazo walikuwa wameshavua.

Nyale peke yake hakunyamaza, kwa kuwa kazi yake haimruhusu.

"Kambi alilipinda peke yake?" aliuliza. "Kambi ambaye hata kununua kiberiti alikuwa akiuliza watu? Nani alimshauri?"

"Hakushauriwa na mtu," alisema Kadii. "Ni yeye peke yake."

Jeneza likajivuta tena. Lilipita kipimo chake. Ndani mkasikika kitu kikigonga ubao, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Musyoka akapiga tepu.

"Sasa ni fupi kuliko nilivyolitengeneza," alisema. "Hayo ni magoti."

Shangazi Kadzo aliinuka mkekani. Alikuwa mwanamke mwembamba, na utosi wake ulikuwa umebonyea kidogo kwa miaka ya mtungi. Alimtazama Kadii, wala si kwa ukali.

"Mwanangu, umempunguza mno," alisema. "Nipe hicho chombo."

Alikishika kipaza sauti kama mwiko, mbali na mdomo, lakini walimsikia.

"Nilipokuwa mdogo nilipatwa na homa, sikuweza kukanyaga. Kambi alinibeba mgongoni kutoka hapa hadi zahanati Gede. Nilikuwa mzito. Njia nzima alinidanganya kwamba tumefika. Hakunishusha."

Alimrudishia Okoth chombo chake. Jeneza lilijinyoosha kiasi cha kiganja, magoti yakanyooka ndani, kukawa kimya. Kadzo akauweka mkono wake juu ya mbao.

"Sasa ndiye," alisema. "Huyu ndiye kaka yangu."

Hata watu ambao hawakumpenda walilia. Walilia vizuri, kwa kuwa walijua wanamlilia nani. Walimbeba wakamzika, na jeneza likaingia katika ile sehemu ya kwanza ya kaburi, ya mtu mmoja, likatosha pande zote. Iliyobaki ni handaki refu linalokuja nyumbani, na ndani yake bomba, halijaguswa.

"Tulifunike taratibu," alisema Thuku. "Lisije likapasuka bure."

Kila mtu aliona ni shauri la busara. Siku ya maziko si siku ya kumwambia mfiwa habari za mafundi. Kadii mwenyewe ndiye aliyesukuma udongo wa kwanza, kwa mguu, juu ya kile kiwiko.

Arobaini ilipopita, Kadzo alisimama langoni na mtungi wake.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Na lile bomba, mwanangu? Maana ulisema mwenyewe."

Kadii alitazama barabarani, akatazama mchicha wake. "Shangazi, nimeuliza fundi," alisema. "Hata likinyooshwa, presha haitafika."

"Haya," alisema Kadzo, akajitwisha mtungi, akashika njia ya kisimani.

Kufikia hapo kitanda kilikuwa kimeshaanza. Kilianza Jumapili ya kwanza baada ya maziko. Phoebe alisimama kanisani akasema wanaye dada mmoja hapa, jasiri, asiyeficha kitu, mfano kwa akina mama wote, na akamwomba Kadii asimame apigiwe makofi. Mchana huo Kadii alipojilaza kupumzika baada ya chakula, aliona shuka haifiki miguuni. Kitanda kilikuwa kimelisukuma kabati hadi mlangoni.

Alimwita Musyoka. Fundi alikizunguka, akakigonga, akanusa vidole vyake.

"Mbao za mfenesi mmoja, dada Kadii," alisema. "Sasa ulitarajia nini?"

"Kikate."

Alikikata. Wiki hiyo hiyo wazee wa kijiji walimchagua Kadii kwa sauti moja awe mwenyekiti wa kamati ya maji mahali pa babake, kwa kuwa ni mkweli. Kitanda kikarudi kilipokuwa, kikaongezeka.

Dawa aliijua. Alikuwa ameiona ikifanya kazi mbele ya watu wote. Alifunga mlango, akaketi ukingoni, akajaribu.

"Mimi nilimwambia Phoebe ana sauti nzuri," alisema. Kitanda kikajivuta kidogo. "Nalia kwenye maziko ya watu nisiowapenda. Nilipokuwa kwa mume wangu, mimi ndiye niliyekuwa nikianza ugomvi, si kila mara, lakini mara nyingi." Kikajivuta. Kabati likapata nafasi ya kufunguka.

Kisha akafika pale.

Asubuhi ya mtaro, mwaka ule, Mzee Kambi alikuwa amekunywa chai yake na kutia nia ya kulipeleka bomba shuleni moja kwa moja. Aliyemfuata hadi mpakani ni Kadii. Alikuwa amerudi nyumbani karibuni, na njia ya kisimani ilipita mbele ya wasichana aliosoma nao, ambao sasa walikuwa na waume na majumba yao, na hakutaka wamwone na mtungi kichwani. "Baba, lipitie kwetu kwanza," ndivyo alivyomwambia. "Wengine watapata baadaye." Mzee alimtazama bintiye aliyekonda, akanyoosha bakora. Katika maisha yake yote mzee hakumtaja mtu. Kila aliyeuliza alimjibu presha.

Kadii alifungua kinywa. "Mimi ndiye," alisema. Kitanda kilitulia, kikasubiri. Nje matone yalianguka kutoka mferejini juu ya saruji, tone, na tone lingine, na Kadii akayasikiliza. "Mimi ndiye ninayeutunza mchicha kuliko watu wote hapa," alisema mwishowe, na kitanda kikagonga ukuta.

Basi alimwita Musyoka atoboe. Fundi aliutoboa ukuta chini ya dirisha, kazi safi, akaweka fremu na kipande cha ngozi kuzuia mbu, na miguu ya kitanda ikatokea uani, ubavuni mwa mfereji. Kadii alilala ndani kama kawaida. Wakati wa mvua alikifunika kwa turubai. Watu walikizoea upesi. Okoth alimtaja Kadii wa Kambi katika kila maziko aliyosimamia, kama mfano wa mtu anayesema kweli hata kama inauma, na kitanda kilisikia hata kutoka mbali. Siku Okoth alipomtaja huko Ngomeni, kilivuka ua.

Baadaye kilitoka barabarani na kushika njia ya shule. Musyoka alikuwa akija mara kwa mara kukiongezea miguu, kisije kikalegea katikati. Wanawake waliokuwa wakirudi kutoka kisimani waliona kina urefu mzuri wa kupumzikia, wakawa wanatua mitungi yao juu yake, wananyoosha shingo, wanapiga soga.

"Hujambo, mama mkweli!" walimwita Kadii kupitia ua, kwa nia njema kabisa, na mbao zilikuwa zikisogea chini ya makalio yao kiasi cha kucha.

Jioni moja Kadzo alikuwa ameketi kwenye ncha yake, mtungi ubavuni, akijifuta jasho kwa pindo la leso. Musyoka alikuwa amemaliza kupigilia mguu mpya. Alivuta tepu yake kutoka kwenye ncha ya kitanda akaielekeza kule mbele, shuleni, ambako kioski kilionekana, buluu yake imeanza kubambuka. Alifunga jicho moja, akahesabu kwa midomo.

"Dada Kadii," aliita, "watu wakiendelea kukusifu namna hii, kitanda kitafika kioskini kabla ya maji."

Kadii alikuwa amesimama ndani ya ua, na ndoo ya kumwagilia mkononi. Alimtazama shangazi yake. Kadzo alipapasa mbao za manjano alizokalia, laini, zilizopigwa randa vizuri, akaridhika nazo.

"Si neno," alisema. "Tutakuwa na pa kukaa tukiyangojea."

Akajitwisha mtungi wake, akaenda. Kadii aliinama akafungua mfereji. Presha siku hiyo ilikuwa nzuri sana.